Kivuli cha Mashuka Matano

Msusi wa chumba cha mbele ndiye aliyeitoa habari, na aliitoa asubuhi pale bombani, ndoo za watu zimejipanga na maji bado hayajaanza kutoka, saa ambayo habari yoyote haikosi wasikilizaji.

"Bi Mkunjo kafukuzwa kazi," alisema. "Kaiba mashuka ya hospitali. Msiniulize nimejuaje. Pazia lake fupi, na mimi macho nimepewa. Mashuka matano, jamani, kayatundika chumbani moja juu ya jingine kama dari. Kitanda kakisukumia ukutani. Yeye mwenyewe kakaa kwenye kigoda, anavuta kamba."

"Kamba za nini?" mtu akauliza.

"Ndiyo hapo sasa."

Mama Kichanga alikuwa wa tatu kwenye foleni, mtoto mgongoni. Jina hilo walimbandika siku aliyorudi kutoka hospitali na halikubanduka, ingawa kichanga mwenyewe sasa alikuwa na meno mawili na alishajua kung'ata. Hakuwa msemaji. Lakini alikuwa ameona kitu ambacho msusi, pamoja na macho yake yote, hakukiona. Kwa miezi saba aliyokuwa akiamka alfajiri kunyonyesha, ndara za Bi Mkunjo zikipita koridoni kwenda kazini ndizo zilizokuwa saa yake. Zikipita, anajua kumekucha. Sasa wiki ya pili ndara zilikuwa hazipiti. Na kabla hazijakoma, zilikuwa zimeanza kupita polepole, kama za mtu aliyebeba yai kwenye nguo.

"Nenda wewe," msusi akamwambia. "Mwenye mtoto akibisha hodi hafukuzwi."

"Niseme nimefuata nini?"

"Azima pasi."

"Pasi ninayo."

"Basi imeungua! Mama Kichanga nawe, hata uongo tukutungie?"

Akaenda.

Bi Mkunjo hakuwa nesi wala mfagizi, ingawa alikuwa na miaka ishirini na sita hospitalini. Kazi yake ilikuwa chumba cha nyuma, kwenye meza ndefu, kukunja mashuka ya chumba cha upasuaji. Yakishafuliwa na kupigwa pasi, yeye anayakunja kwa mpango wake maalumu, anayafunga bunda bunda, yanaingia kwenye mtambo wa mvuke kuuliwa vijidudu, kisha yanapitishwa kwenye kidirisha kwenda kwa madaktari. Mkono ulikuwa umezoea mno. Hata mfuko wa plastiki hakuutupa mpaka aukunje pembe nne. Jina alipewa huko huko kazini, likamfuata nyumbani.

"Hodi!"

"Karibu, lakini usiguse kitu!"

Mama Kichanga akasukuma mlango na kusimama pale pale. Mashuka matano yalikuwa kweli yako hewani, pembe zake zimefungwa nyuzi, nyuzi zimefungwa misumari ukutani. Mawili ya chini yalikuwa yamenyooka sawasawa, kati ya moja na jingine pana nafasi ya kiganja. La tatu lilikuwa limejikusanya katikati, na mawili ya juu yalikuwa yamelilalia. Moja lilikuwa na kiraka cha maua ambacho hakuna hospitali ingekikubali. Bi Mkunjo alikaa kwenye kigoda, ncha za nyuzi amezizungushia vidoleni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetumwa."

Mama Kichanga akataka kusema habari ya pasi, ulimi ukagoma. "Nimetumwa," akasema.

Bi Mkunjo akacheka mpaka akajishika ubavu, na kicheko kikakatika ghafla. Akavuta pumzi taratibu. "Mwambie mashuka ni yangu, na hilo la kiraka nimelilalia tangu yeye hajaanza kusuka vichwa vya watu. Haya, kaa. Ila usiguse. Kule hakuna wa kugusa."

"Kule wapi?"

Bi Mkunjo akainua kidole kuelekea kwenye bati, na jinsi alivyokiinua, ulijua hasemi bati.

"Wamerusha darubini. Leo siku ya tano. Redio inaieleza kila asubuhi. Si hii ya kushika mkononi, mwanangu, hii ni kubwa kuliko nyumba hii yote na bomba lake. Haikuenea kwenye roketi. Sasa kitu kisichoenea unakifanyaje?"

"Unakikunja."

"Unakikunja!" Akajipiga paja. "Umeona? Msusi angesema unakiuza. Kioo chake kimepakwa dhahabu, na ili kione mbali lazima kikae kwenye baridi, jua lisikiguse hata chembe. Kwa hiyo wamekiwekea kivuli. Matabaka matano, kila moja jembamba kama unywele, na upana wa uwanja wa mpira ule mdogo, wa watu wawili na wavu katikati. Wameukunja uwanja mzima! Sasa unasafiri, na huko huko njiani unajikunjua. Hakuna fundi, hakuna nesi. Uzi ukikwama, umekwama hadi kiama."

Mama Kichanga akayatazama yale mashuka upya. Mtoto mgongoni naye alikuwa amenyamaza, kichwa amekirudisha nyuma, mdomo wazi, anatazama juu kama aliyeambiwa.

"Inakwenda kutazama nini, mama?"

"Nuru ya zamani. Wanasema kuna nyota ambazo nuru yake ilitoka huko kabla hakujawa na dunia, na bado iko njiani. Hiyo ndiyo wanakwenda kuidaka."

Hilo Mama Kichanga hakuweza kulimeza kwa mara moja. Alijaribu kumfikiria mtu aliyefunga safari kabla pale anapokwenda hapajakuwepo. Akamweka mtoto vizuri mgongoni, kama vile sakafu imetikisika.

Ndipo akaiona kadi ya hospitali, imekunjwa pembe nne, chini ya redio. Bi Mkunjo akaona kwamba ameiona.

"Nina uvimbe tumboni," akasema. "Ukubwa wa ngumi. Sikufukuzwa, nimepewa likizo nikapasuliwe. Tarehe ya kwanza ilifika, nikavaa, nikafika kwenye geti, nikageuza. Miaka ishirini na sita nawakunjia wengine, siku yangu miguu ikakataa. Daktari kanigombeza, kanipa tarehe nyingine. Akasema hakuna ya tatu, ukizidi kukua itakuwa habari nyingine." Akavuta uzi mmoja, shuka la tatu likatikisika, halikufunguka. "Basi nimejiwekea nadhiri. Kile kitu kikifunguka kule peke yake, mimi naenda. Kisipofunguka, nabaki na uvimbe wangu, tumeshazoeana."

"Usiseme hivyo, mama."

"Nimeshasema. Simu yako inaingia mtandaoni?"

Simu ya Mama Kichanga ilikuwa na ufa uliokata kioo kutoka pembe hadi pembe, lakini mtandaoni iliingia. Walitafuta, wakakosea, wakaangukia kwenye tangazo la sabuni, wakarudi, mwishoni wakaupata ukurasa wa wenyewe wenye chombo. Maneno yalikuwa ya kigeni. Mama Kichanga alimaliza shule ya msingi na hakuendelea, ila namba hazikuwahi kumsumbua. Kulikuwa na namba ya mwendo tangu kilikotoka na namba ya mwendo uliobaki. Kilishaupita mwezi zamani. Akaanza kuisoma kwa sauti: kilometa laki sita na arobaini na... akasita. Tarakimu ya mwisho ilikuwa imebadilika. Akaanza upya, ikabadilika tena.

"Haitulii," akasema.

"Itatuliaje? Kinakwenda."

Kilometa moja kwa kila pumzi. Walikaa wanaitazama ile namba, mzee na kijana, vichwa vimegusana. Mtoto akapiga chafya. Kilometa moja.

Tangu siku hiyo kila asubuhi, akishamnyonyesha mtoto, Mama Kichanga alikwenda kusoma namba. Msusi alipewa ukweli wote isipokuwa habari ya uvimbe, na siku ya pili akaja mwenyewe "kupita tu", kitana bado kimesimama kichwani.

"Yaani hakina dereva?"

"Hakina," Bi Mkunjo akasema.

"Na hakijapotea?"

"Hakijapotea."

"Mume wangu dereva. Juzi kapotea kwenda kwa mama yangu. Miaka tisa anakwenda kwa mama yangu!"

"Huyo hakupotea," Bi Mkunjo akasema, na msusi akacheka hadi kitana kikaanguka.

Lakini hata yeye alisahau kukiokota Mama Kichanga alipoonyesha namba za joto. Upande wa chombo unaoelekea jua ulikuwa na moto wa kuunguza kiganja. Upande wa pili, nyuma ya yale matabaka, ulikuwa na baridi ambayo wote watatu walikosa cha kuifananisha nayo, kwa sababu barafu yenyewe ingekuwa ya moto mbele yake. Na baridi ilikuwa bado inashuka. Katikati ni kivuli tu. Mama Kichanga akakumbuka foleni ya kliniki wakati mtoto ana wiki mbili: aliligeuzia jua mgongo saa nzima, mgongo ukaungua kweli kweli, na mtoto kifuani akalala kama yuko mtoni. Aliona haya kulisema hilo mbele ya watu. Alilifikiria tu, na kuanzia hapo akaanza kukiombea kile chombo, kwa sauti ya chini, wakati wa kuosha vyombo.

Ikafika siku matabaka yalipotakiwa kuvutwa yanyooke. Redio ikasema kazi imeahirishwa. Kuna vipimo vinakaguliwa, na wafanyakazi wameambiwa wakapumzike.

"Wana akili," Bi Mkunjo akasema, ila uso wake haukuwa wa mtu aliyefurahi. "Shuka halivutwi na mtu mwenye usingizi." Akageukia mashuka yake. Aliyakunja yote upya, akayapanga, akarudi kwenye kigoda, akavuta. La kwanza likafunguka. La pili likafunguka. La tatu likakwama pale pale lilipokwama jana na juzi. Akavuta tena, kwa hasira sasa. Msumari ukang'oka ukutani na kumpita sikioni.

"Unaona?" akasema. "Unaona basi?" Na Mama Kichanga akajua hasemi mashuka.

Akamshusha mtoto sakafuni. Alikuwa ameyatazama yale mashuka siku nyingi, na kuna kitu kilikuwa kinamkera, ila aliona si adabu mwanafunzi wa juzi kumkosoa fundi.

"Mama, samahani. Hizi kona mbona umezipindua?"

"Kona zipi?"

"Hizi. Kila shuka lina kona moja imepinduliwa kwa nje. Uzi unapita hapo, unaingia kwenye pindo, unajinasa."

Bi Mkunjo akasimama, akaja, akalishika lile shuka la tatu. Akalishika la nne, na la tano. Kisha akaketi chini sakafuni, karibu na mtoto, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu tumbo lianze kumsumbua.

"Hilo ni sikio," akasema taratibu. "Ndivyo tunavyoliita pale mezani. Unapomaliza kukunja, kona moja unaipindua nje, ili nesi mwenye glavu apate pa kushika bila kugusa pengine. Bunda lisilo na sikio linarudishwa." Akacheka kidogo, kicheko cha kujishangaa. "Nimekiwekea sikio kitu kisicho na wa kukishika. Wiki nzima! Sikujua hata kama nalikunja. Mkono umelikunja wenyewe."

 Mtoto alikuwa amelikamata sikio la shuka na anajaribu kulila.

"Na unajua nini? Sijawahi kuona likifunguliwa. Mimi naishia kwenye kidirisha. Napitisha bunda, mtu upande wa pili analipokea, mlango wangu unafungwa. Miaka ishirini na sita."

"Mimi nimeona," Mama Kichanga akasema.

Bi Mkunjo akainua kichwa.

"Huyu alitoka kwa upasuaji, mama. Walinichoma ganzi ya mgongo, nikawa macho kabisa. Nilikuwa natetemeka, meno yanagongana, nesi ananiambia tulia na mimi siwezi. Nikaona mwingine anakuja na mikono ameiinua hivi, kama mtu aliyenawa akakosa taulo. Bunda likiwa mezani, akalishika pale kwenye kona, kwa vidole viwili tu. Akainua. Shuka likaanza kufunguka lenyewe, mkunjo mmoja, halafu mwingine, halafu mwingine, kama linakumbuka. Halikuburuta chini. Halikunigusa mpaka pale lilipotakiwa kunigusa. Likatua hapa." Akajionyesha tumboni. "Na meno yakaacha kugongana. Nikajiambia, hiki kitu mtu amekaa akakipanga. Kuna mtu ameniwaza. Nilikuwa sijui ni nani."

"La kijani?"

"La kijani."

"Mwezi wa ngapi?"

Akamtajia. Bi Mkunjo akahesabu kwa vidole, akafika mwezi ambao mezani alikuwa bado yeye. Alimchukua mtoto akampakata, akamtoa sikio la shuka mdomoni, na kwa muda mrefu akawa anampangusa mate ambayo yalikuwa yameshaisha.

"Sasa mezani yuko msichana mgeni," akasema baadaye. "Anaongea anapokunja. Kule hatuongei."

"Lakini sikio anaweka?"

"Anaweka. Nilimsumbua mpaka akalia."

Kazi kule juu ilianza tena. Siku ya kwanza matabaka matatu yalivutwa yakanyooka, moja baada ya jingine, na nyumba nzima ikapata habari kabla ya chakula cha mchana. Siku ya pili walikaa uani, redio kwenye ndoo iliyopinduliwa, simu mkononi mwa Mama Kichanga. Msusi alikuwa na mteja aliyesukwa nusu kichwa, na nusu ya pili imesimama kama imesikia jambo. Wote wawili waliacha kusuka na kusukwa. La nne likanyooka. Wakasubiri. Mtu akafungua bomba, akazomewa, akalifunga. Mtangazaji akawa anaeleza hali ya hewa ya mji mwingine kabisa, na Bi Mkunjo akawa anaitazama redio kama angeweza kuikamua. Ndipo sauti ikabadilika, na kabla maneno hayajaeleweka walielewa. Matabaka yote yamefunguka. Vifungo vyake zaidi ya mia, hakuna hata kimoja kilichogoma. Uwanja mzima ulikuwa umetandazwa gizani, mahali pasipo na mtu, kwa wembamba wa unywele, na nyuma yake kivuli kilikuwa kimeanza kupoa.

Hakuna aliyepiga kelele. Yule mteja wa msusi, ambaye hakuwa anajua hata habari yenyewe inahusu nini, alikuwa anafuta machozi. Mama Kichanga alitazama juu. Ilikuwa mchana, anga jeupe, hakuna cha kuona, na bado alitazama mpaka shingo ikauma.

Bi Mkunjo aliinuka akaingia ndani. Mama Kichanga alipomfuata, alimkuta anayafungua mashuka ukutani, moja moja, na kutandika kitanda.

"Hutajaribu tena bila masikio?"

"Wao wamekunja kwa ajili ya mahali pasipo na mkono. Mimi hiyo siijui, na kujifunza sitaki." Akapiga mto. "Sasa bado vioo. Vioo navyo vina mabawa, navyo lazima vifunguke."

Vioo vikafunguka siku chache baadaye. Bi Mkunjo akapiga makofi, akasifu, kisha akasema, "Ila bado hakijafika. Safari ni mwezi mzima. Kitu hakijafika huwezi kusema kimefika."

Mama Kichanga, ambaye hakuwa msemaji, alimtazama.

"Mama, tarehe yako ni lini?"

Bi Mkunjo akaanza kukunja karatasi iliyokuwa mezani. Nusu, robo, nusu ya robo.

"Siku mbili kabla hakijafika."

"Basi chenyewe hakitakusubiri. Na wewe usikisubiri."

 Mama Kichanga alihisi masikio yanawaka kwa ujasiri wake mwenyewe. Akaongeza maneno mengine haraka haraka, kabla hajanyamazishwa. "Nitakupeleka mimi. Getini tutafika wote, na huyu mgongoni, na ukigeuka utakuta mimi nimesimama nyuma yako. Nami mzito sasa, huniruki."

Bi Mkunjo akaiweka ile karatasi chini. Haikuweza kukunjwa zaidi.

"Mtoto wa watu," akasema, "kumbe unajua kugombeza."

Walikwenda asubuhi ya tarehe ile. Msusi alimsuka Bi Mkunjo nywele mistari minne bila kumtoza neno hata moja, jambo ambalo halijapata kutokea, kisha akawasindikiza hadi kona. Getini Bi Mkunjo alipunguza mwendo. Mama Kichanga hakumshika mkono. Alisogea tu akasimama nyuma yake kama alivyoahidi. Wakapita. Wodini walimpa gauni la kufunga mgongoni, naye akalikagua mikunjo kabla ya kulivaa, akaguna, akalivaa.

Kitanda cha magurudumu kilipoletwa, alimvuta Mama Kichanga karibu.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi wananilaza kabisa, sio kama wewe. Nikizinduka nitakuwa mjinga mjinga, huenda nikasema maneno ya ovyo. Usinijie na uso wa msibani. Usiniambie pole, pole nitaambiwa na manesi mpaka nichoke. Wewe fungua simu unisomee namba. Si ile ya kilikotoka, ile iliyobaki. Isome yote, kwa sauti, hata kama utaniona bado nimelala."